Kutazama ndege Mtera: ulizia maji kwanza

Wateja wakiikuta darubini imelala pembeni ya cherehani huuliza ni ya nini. Nikiwajibu kwamba ni ya kutazamia ndege wa bwawa la Mtera, karibu wote huniambia neno lilelile: mbona tumepita pale mara nyingi tukienda Iringa na hatukuona ndege wa maana? Nawaamini kabisa. Ukipita Mtera saa sita mchana ndani ya basi utaona maji, miti mikavu iliyosimama ndani ya maji, na kina mama wenye beseni za samaki. Ndege wapo wakati huohuo, tena kwa mamia, ila wako mahali ambapo barabara haifiki.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Majengo hapa Dodoma. Mjomba wangu ni mvuvi ng'ambo ya pili ya bwawa, upande wa Iringa, na tangu mwaka 2016 nimekuwa nikienda kwake karibu kila baada ya miezi miwili. Safari ya kwanza nilikaa ufukweni kutwa nzima, nikaona yangeyange wawili, wale weupe wa miguu mirefu, na mnandi mmoja, yule anayezamia samaki. Jioni nikamlalamikia mjomba kwamba bwawa lake halina kitu. Akaniuliza nilikuwa nimekaa wapi. Nilipomwonyesha, akasema, "Mwanangu, ndege hawako kwenye maji. Wako kwenye tope. Ulizia kwanza maji yamefika wapi, ndiyo uende."

Haya yote ninayokuandikia yametoka kwenye kauli hiyo.

Bwawa la Mtera halikuchimbwa kwa ajili ya mandhari. Lilijengwa miaka ya 1970 kuziba Ruaha Mkuu, chini ya mahali unapoungana na mto Kisigo, ili maji ya masika yahifadhiwe na kuachiwa kidogo kidogo kiangazi kwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu huko chini. Mtera penyewe pakaanza kufua umeme mwaka 1988, megawati 80. Maana yake kwako wewe mtazamaji ni kwamba maji haya yanapanda na kushuka kila mwaka. Likijaa, uso wa maji yake husomwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi 690, mitambo haina maji ya kutumia. Tofauti ni mita nane na nusu tu, urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Lakini ardhi ya pale ni tambarare kama meza ya kukatia nguo. Maji yakishuka mita moja, ufukwe unasogea mbali sana, na nyuma yake linabaki tope laini lililojaa konokono, wadudu na vidagaa vilivyonaswa kwenye madimbwi. Humo ndimo ndege wanamokula. Watu nao huyafuata maji hayohayo, hulima bustani na kuchunga ng'ombe kwenye ardhi iliyoachwa wazi.

Kwa hiyo kabla hujapanga siku, pata mtu wa Mtera, au wa Migoli upande wa Iringa, wa kumpigia simu. Usimuulize kama ndege wapo. Muulize: maji yanashuka au yanapanda? Tope limeonekana upande gani? Ng'ombe wanachungwa wapi wiki hii? Ng'ombe wakiwa karibu na maji, yangeyange wapo miguuni mwao, na tope haliko mbali.

Kwa kawaida maji huwa mengi masika yanapoisha, mwezi wa nne na wa tano, kisha hushuka polepole hadi mvua nyingine zianze Desemba. Mimi napenda mwishoni mwa Septemba hadi Novemba kuliko miezi mingine yote. Maji yamerudi nyuma, vidimbwi vya porini vimekauka, ndege wamekusanyika, na wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi ya kwao wameanza kutua: vitwitwi wa kila namna, wale wadogo wanaodonoa topeni, na mbayuwayu wanaopita juu ya maji kama wanapiga pasi. Wageni hao hukaa hadi Machi au Aprili. Juni na Julai maji bado ni mapana na ndege wametawanyika, lakini miti mikavu huwa na mnandi wengi. Ni miezi ya upepo pia, ule upepo wa Dodoma unaoanza saa nne asubuhi na kukujaza vumbi machoni. Januari na Februari pori ni kijani, mnana wanafuma viota, ila njia za udongo hutelezesha na mbu hawana huruma.

Kufika ni rahisi. Panda basi au kosta ya Iringa pale stendi kuu ya Nanenane, mwambie konda akushushe Mtera, kabla ya kuvuka ukuta wa bwawa au ng'ambo, kutegemea ulivyoambiwa kuhusu tope. Barabara yote ni lami, Dodoma hadi Iringa kilomita kama 260, na Mtera iko karibu katikati. Ila usiondoke asubuhi. Hili ndilo kosa la watu wengi. Basi la kwanza likitoka alfajiri utafika jua limeshapanda, na kuanzia saa nne mazigazi yanaanza kucheza juu ya tope. Hapo hata darubini ya bei kubwa itakuonyesha ndege anayetetemeka kama yuko nyuma ya moto. Ondoka mchana wa jana yake, lala gesti Mtera au Migoli, ni za kawaida na safi za kutosha, ukiwa na neti yako mwenyewe. Saa kumi na mbili kamili asubuhi uwe umeshasimama mahali pako.

Jambo jingine la kukutoa asubuhi ni jua. Maji yametanda magharibi ya barabara, kwa hiyo ukiwa ufukwe wa mashariki asubuhi jua liko mgongoni mwako, na rangi zote zinaonekana zilivyo. Jioni utaona vivuli tu. Vivuli vina uzuri wake, lakini huwezi kutofautisha miguu ya njano na ya nyeusi.

Ukifika, jitambulishe. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, au kwa viongozi wa mwalo, yaani ufukwe wa wavuvi, utakaoshukia. Salimia wazee kwanza, shikamoo yako itoke vizuri. Upande wa Dodoma ukiongeza "mbukwenyi" watu wanatabasamu, na ukivuka utasikia "kamwene" ya Wahehe. Eleza umekuja kutazama ndege, waonyeshe daftari na kitabu cha picha. Mtu mgeni anayezunguka ufukweni na darubini bila kusema neno anatia shaka, na ni haki yao kushuku. Na usielekeze kamera kwenye ukuta wa bwawa wala kwenye mitambo ya umeme. Pale ni mahali pa ulinzi. Ndege anayetua ukutani muache atue.

Kuhusu mavazi nitasema kama fundi. Safari ya pili nilivaa kitenge chekundu chenye maua, na korongo wote walihama nikiwa mbali kama uwanja wa mpira. Vaa kaki, udongo, kijani iliyofifia. Mimi nimejishonea kizibao cha kaki chenye mifuko minne: daftari, kalamu, maji, kitambaa cha kufutia kioo. Lakini usivae nguo yenye madoa ya jeshi hata kama umeinunua mnadani. Raia haruhusiwi, na utaishia kujieleza kituoni badala ya kutazama ndege. Viatu viwe vya kufunika mguu, buti za mvua ndizo bora. Usikanyage maji kwa miguu mitupu. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wadogo wanaobeba kichocho, na mabwawa ya Dodoma, Mtera na hata Hombolo, yanajulikana kwa ugonjwa huo.

Darubini yangu niliinunua kwenye vitu vya mtumba, soko la Sabasaba hapa Dodoma. Imeandikwa 8x40: nane ni mara ngapi inakusogezea kitu, arobaini ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganyike na zile za 20 au 30, mkono ukitikisika kidogo huoni kitu. Kabla hujalipa, ielekeze kwenye nguzo ya umeme ya mbali. Ukiona nguzo mbili, au kichwa kikianza kuuma, irudishe, vioo vyake vimepishana. Angalia pia kama ndani kuna ukungu wenye nyuzi kama buibui. Kuiweka sawa, funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione wazi. Kisha funga la kushoto na zungusha ile pete ya jicho la kulia. Baada ya hapo unatumia gurudumu la katikati tu. Na ukimwona ndege kwa macho, usiinamishe kichwa kutafuta darubini. Mkazie macho yeye, kisha ipandishe darubini hadi ikute macho yako. Nilifanya mazoezi wiki nzima kwa kunguru wa Majengo.

Sasa kutambua. Watu huanza na rangi, halafu wanachanganyikiwa, kwa sababu nusu ya ndege wa Mtera ni weupe. Anza na kata, kama unavyotazama gauni: shingo ikoje, mdomo ukoje, miguu mirefu kiasi gani, rangi baadaye. Ndege mkubwa akiruka, tazama shingo. Yangeyange na jamii yake hukunja shingo ikawa kama herufi S, kichwa kikakaa mabegani. Korongo, kwarara mwenye mdomo uliopinda na domomwiko hunyoosha shingo mbele kama fimbo. Anayevunja kanuni ni yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni, anayeshinda kwenye majalala ya mjini, yeye hukunja. Yangeyange wenyewe tazama chini: mdogo mwenye miguu myeusi na vidole vya njano kama amevaa soksi ni mmoja, mkubwa mwenye shingo ndefu yenye kona na miguu myeusi hadi vidoleni ni mwingine, na mfupi anayewafuata ng'ombe ni wa tatu. Mdiria mweusi na mweupe utamwona akining'inia hewani bila kusogea, halafu anajitupa majini. Akitua mtini tazama kifua. Dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja tu, tena umekatika katikati kama mshono ulioachwa bila kumaliziwa. Kwazi, tai mla samaki, hahitaji maelezo, kichwa cheupe na mwili wa kahawia. Akilia hurusha kichwa nyuma hadi mgongoni, na sauti ile ukiisikia alfajiri juu ya maji matulivu, hutaisahau.

Mwari, wale wenye mfuko chini ya mdomo, nao ni wa aina mbili. Ukiona kundi limejipanga nusu duara, wanazamisha vichwa kwa pamoja kama wanaitikia sala, hao ni weupe wakubwa, huvua kwa ushirika. Yule wa kijivu anayevua peke yake kando ya miti mikavu ni mwingine, mdogo kidogo.

Lakini niliyempenda kuliko wote ni korongo mweusi ambaye mdomo wake haufungi. Ukimtazama kwa ubavu unaona mwanga unapita katikati ya mdomo, kama mkasi uliopinda. Nilidhani ni mgonjwa. Oktoba moja nikakaa kwenye gogo tangu alfajiri, bila kusogea, na mmoja akaja akila hadi karibu yangu, hatua kama ishirini. Alitembea polepole kwenye maji ya kufika magotini mwake, akipapasa tope kwa ncha ya mdomo. Akitoa konokono mkubwa, anambana chini, kichwa kinatetemeka kidogo, sekunde chache tu, halafu nyama inatoka nzima na ganda linabaki. Alipoondoka nilivaa buti nikaenda kuokota. Nilipata maganda kumi na manne. Karibu yote yalikuwa mazima kabisa, hayakupasuliwa, yana mkwaruzo kwenye ukingo wa mlango tu. Nikakaa nikiyageuza mkononi. Mimi kutarizi tundu la kifungo bila kuvuta uzi kulinichukua miaka. Yule ndege anaingiza ncha ya mdomo wa chini kwenye ganda, anakata msuli unaomshikilia konokono, na havunji kitu.

Hapo utaelewa kwa nini nakusisitiza kukaa. Usizunguke. Chagua ukingo wa tope, kaa chini ya mti au nyuma ya kichaka, ndege watakimbia, kisha baada ya dakika ishirini au thelathini watarudi mmoja mmoja na kukuona kama kisiki. Kijana mmoja niliyewahi kumpeleka alikuwa anapiga makofi ili kundi liruke apate picha nzuri. Nilimkataza kwa ukali. Ndege aliyeruka kilomita maelfu kutoka Ulaya anahitaji kula na kupumzika.

Tazama pia unapokanyaga. Kwenye mchanga mkavu juu ya tope wapo ndege wadogo wanaotaga chini bila kiota cha maana. Mmoja wao, mdogo wa kifua cha rangi ya mchanga na mstari mweusi unaopita jichoni, akikuona unakuja huyafukia mayai yake kwa mchanga, anarusha kwa miguu haraka haraka, ndipo anaondoka. Unafika hapo unaona mchanga tu. Ndege akikimbia mbele yako akiburuta bawa kama limevunjika, au akikupigia kelele kichwani bila kuchoka, jua umekaribia mayai. Rudi nyuma kwa njia uliyojia.

Hatari za kweli ni viboko na mamba, na Mtera wapo wote. Viboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi alfajiri, saa ileile unayotoka wewe. Kwa hiyo usitembee njia zao, zile zilizolimwa kama mifereji miwili kwenye majani, kabla hakujapambazuka vizuri, na kamwe usisimame kati ya kiboko na maji. Kwa mamba, kaa hatua kumi au zaidi kutoka ukingoni, usichuchumae kunawa mikono wala kuchota maji. Uliza wavuvi wapi mamba ameonekana wiki hiyo. Watakuambia, maana ni maisha yao.

Mtumbwi unakufikisha kwenye miti mikavu, na asubuhi tulivu hakuna raha kama hiyo: mnandi wamekaa matawini wametandaza mabawa yakauke, wewe unapita chini taratibu. Lakini mwaka fulani nilikubali kupanda na kijana nisiyemfahamu, saa tano, bila maboya. Upepo ukavuma, mawimbi yakaanza kuingia, na upande wetu mmoja ukapanda juu ya kisiki kilichojificha chini ya maji. Tulikaa pale tukichota maji kwa kopo hadi wavuvi wengine wakaja kutuvuta. Tangu siku hiyo nina masharti matatu. Napanda na mtu aliyetajwa na mwalo. Navaa boya, langu mwenyewe kama lao halipo. Na saa tatu asubuhi nimeshakanyaga nchi kavu, hata kama mwari wamejaa mbele yangu. Bei patana kabla ya kupanda, na ulipe uliyopatana.

Ukirudi, kula. Perege aliyekaangwa palepale, ugali wa mtama, na ukibahatika kwa wenyeji, mlenda. Kambale pia wapo, ila perege wa Mtera mimi simlinganishi na kitu. Ukinunua wa kubeba, chagua aliyekaushwa vizuri, la sivyo abiria wenzako ndani ya basi watakukumbuka vibaya.

Kabla basi halijafika, kaa kivulini ujaze daftari. Usiandike majina tu. Andika tarehe, saa, upepo, ulikuwa upande gani, na juu ya yote maji yalikuwa wapi: "yamefika kwenye mbuyu uliolala", "tope hatua mia mbili", hivyo hivyo, kwa alama ambazo mwenyeji atazielewa. Usiyemjua mchore, mdomo na miguu inatosha. Yangu sasa ni madaftari matatu. Mjomba macho yake yamepungua, hasomi tena, kwa hiyo nikifika jioni namsomea ukurasa wa mwaka jana mwezi kama huu, naye ananiambia kesho niende wapi.